Virusi, kinga na miguu inayotetereka: mazoezi ya mizani yanamsaidia mzee kwa njia ipi?

Mtu wa miaka 78 anaanguka usiku akitoka chooni. Hana homa, hakohoi, hajavunjika popote. Nyumbani wanakagua taa, wanakunja zulia, wanalaumu ndara. Siku ya pili anaanza kupumua kwa shida, na kipimo kinaonyesha ana virusi vya homa ya mafua. Kule kuanguka kulikuwa dalili ya kwanza ya ugonjwa.

Wanaohudumia wazee hukutana na hali hii mara kwa mara. Katika umri mkubwa maambukizi hayaji lazima na joto kali. Huja na kuanguka, kuchanganyikiwa ghafla, au kukataa chakula. Joto la kawaida la mzee mara nyingi liko chini kuliko la kijana, kwa hiyo hata homa yake huonekana ndogo. Kwa wazee wanaoishi katika vituo vya matunzo, kipimo cha mdomoni kinachozidi nyuzi 37.8 mara moja tu, au kupanda kwa zaidi ya nyuzi 1.1 juu ya joto lake la kila siku, huhesabiwa kuwa homa. Ndiyo maana inafaa kumpima mzee akiwa mzima na kuandika namba hiyo mahali, ili siku ya wasiwasi pawepo cha kulinganisha.

Kwa hiyo kinga dhidi ya virusi na uwezo wa kusimama bila kuyumba vina uhusiano wa kweli. Tatizo ni jinsi uhusiano huo unavyoelezwa. Utasikia kwamba mazoezi ya mizani ya mwili “huongeza kinga”, kana kwamba kusimama kwa mguu mmoja kunazalisha askari wapya wa mwili. Utafiti hausemi hivyo. Unachosema ni kizuri zaidi na kina manufaa zaidi, ila lazima kila uzi ufuatwe peke yake.

Kinga inavyozeeka

Virusi vikiingia ndani ya seli, seli hiyo hugundua kwamba kuna chembe za urithi zisizo zake. Ndani ya saa chache hutoa interferoni, protini inayowaonya majirani wajifunge kabla hawajavamiwa. Interferoni iligunduliwa mjini London mwaka 1957 na Alick Isaacs na Jean Lindenmann. Huu ndio ulinzi wa saa za mwanzo, na hapa umri unaleta kasoro ya ajabu kidogo: seli nyeupe za wazee zikikutana na virusi vya homa ya mafua hutoa interferoni chache kuliko za vijana, lakini kemikali za kuchochea inflamesheni, yaani uvimbe na joto ambavyo mwili huwasha unapopambana, huendelea kutoka kama kawaida. Mwili unapata joto la vita bila kupata ngao yake. Wazee wengi huumizwa na inflamesheni hiyo kama wanavyoumizwa na virusi vyenyewe.

Wapo pia ambao miili yao hutengeneza kingamwili zinazoshambulia interferoni yao wenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 uliwakuta watu wa namna hiyo kuwa takriban asilimia 4 ya waliovuka miaka 70, ingawa walijiona wazima kabisa. Kati ya waliofariki kwa COVID-19, karibu mmoja kati ya watano alikuwa nazo. Hakuna zoezi linaloziondoa.

Baada ya siku chache inakuja zamu ya seli T, seli nyeupe zinazomtambua adui mmoja mmoja. Hizi hukomaa katika thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, ambayo huanza kusinyaa mapema maishani na sehemu yake kuchukuliwa na mafuta. Mzee anabaki na akiba kubwa ya seli zinazokumbuka magonjwa ya zamani, lakini seli mpya ambazo bado hazijapewa kazi zimepungua sana. Kirusi ambacho mwili haujawahi kukiona kinamkuta na walinzi wachache wa kukisoma. Juu ya hayo, kirusi kiitwacho sitomegalo, ambacho watu wengi hukipata utotoni na kukaa nacho maisha yote bila kujua, hushughulisha sehemu kubwa ya seli T mwaka hadi mwaka.

Jambo la mwisho ni inflamesheni ya chini kwa chini, isiyo na jeraha wala maambukizi ya wazi, ambayo huongezeka na umri. Mwanasayansi wa Italia Claudio Franceschi aliipa jina lake la kitaalamu mwaka 2000. Ishike akilini, kwa sababu ndiyo inayounganisha kinga na miguu: kemikali zile zile zinazovuruga mwitikio kwa virusi huharakisha pia kupotea kwa misuli.

Hata hivyo kinga ya mzee si taa iliyozimwa. Ikiombwa kwa sauti kubwa, huitika. Chanjo ya homa ya mafua ya kipimo kikubwa ina mikrogramu 60 za antijeni (kipande cha kirusi kinachoifundisha kinga) kwa kila aina ya kirusi badala ya 15, na katika jaribio la watu karibu 32,000 wenye miaka 65 na zaidi, lililochapishwa mwaka 2014, ilizuia ugonjwa kwa asilimia 24 zaidi ya chanjo ya kawaida. Chanjo ya mkanda wa jeshi iliyotengenezwa kwa protini na kichocheo cha kinga, inayotolewa mara mbili kwa nafasi ya miezi 2 hadi 6, ilionyesha ufanisi wa asilimia 97 kwa waliovuka miaka 50, na karibu asilimia 90 hata kwa waliovuka 70. Hakuna zoezi lolote lililowahi kukaribia namba hizi. Anayemwambia mzee achague kati ya chanjo na mazoezi anampotosha.

Mwili unavyojishikilia

Kusimama wima ni kazi isiyokoma. Macho yanaleta habari za mahali ulipo. Sikio la ndani lina mifereji mitatu inayopima kuzunguka kwa kichwa na viungo vidogo vinavyopima mwelekeo wa uzito. Nyayo, vifundo na misuli vinaeleza mwili umeinamia upande gani. Ubongo huchanganya habari hizo tatu na kuiamuru misuli ya vifundo na nyonga isahihishe mara nyingi kila dakika. Uzee hupunguza vinyweleo vya sikio la ndani, hufifisha hisia za nyayo, na hula kwanza zile nyuzi za misuli zinazokaza haraka. Hasara hii ya mwisho ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu mtu aliyejikwaa huokolewa na hatua moja ya haraka. Nguvu ikija ikiwa imechelewa, haimfai.

Virusi vinaweza kuupiga mfumo huu moja kwa moja. Kuvimba kwa mshipa wa fahamu wa sikio la ndani, kunakoleta kizunguzungu kikali cha siku kadhaa, huhusishwa mara nyingi na virusi. Mkanda wa jeshi ukitokea sikioni unaweza kupoozesha upande mmoja wa uso na kuharibu mizani pamoja na usikivu. Kwa watu hawa mazoezi ya kichwa na macho ni tiba yenyewe: ubongo hujifunza upya kutegemea habari za upande uliosalimika, na anayelala kitandani akingoja kizunguzungu kiishe chenyewe huchelewesha kupona.

Lakini njia ya kawaida zaidi ni kitanda. Wazee wenye afya nzuri waliojitolea kulala siku 10 mfululizo kwa ajili ya utafiti walipoteza karibu kilo 1 ya misuli ya miguu, na hao hawakuwa wagonjwa. Ongeza homa, kutokula, na inflamesheni, upotevu unakuwa mkubwa zaidi. Anayeinuka baada ya wiki mbili za mafua makali anasimama kwa miguu ambayo si ile aliyolala nayo. Akianguka na kuvunja nyonga, anarudi kitandani, mapafu hayajai hewa vizuri, na maambukizi mengine yanapata nafasi. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 684,000 kila mwaka vinavyotokana na kuanguka, na wanaokufa kwa wingi ni waliovuka miaka 60.

Majaribio yanasema nini hasa

Jaribio moja lililochapishwa mwaka 2009 nchini Marekani linafaa kusomwa polepole. Watu 144 wa miaka 60 hadi 83, ambao hawakuwa na desturi ya mazoezi, waligawanywa kwa nasibu. Nusu walifanya mazoezi ya moyo na mapafu kwa miezi 10. Nusu walifanya mazoezi ya kunyoosha viungo na ya mizani. Wote walichanjwa homa ya mafua. Wiki za mwanzo baada ya chanjo makundi hayakutofautiana, lakini kufikia wiki ya 24 kundi la moyo na mapafu ndilo lililobaki na kingamwili za kutosha kwa wingi zaidi. Angalia mazoezi ya mizani yalikuwa wapi: yalikuwa kundi linganishi, yaani yale ambayo watafiti waliyachagua wakitarajia yasibadilishe kinga. Mtu akisoma muhtasari tu kwamba “mazoezi yaliongeza nguvu ya chanjo”, anaweza kuyapa mazoezi ya mizani sifa ya jirani yao.

Upande wa pili kuna tai chi, mazoezi ya Kichina ya mwendo wa taratibu ambayo yanajaribu mizani kila hatua. Mwaka 2007 lilitolewa jaribio la watu 112 wa miaka 59 hadi 86. Kundi moja lilijifunza tai chi kwa wiki 16, jingine lilipata mafunzo ya afya, kisha wote wakachanjwa dhidi ya kirusi cha tetekuwanga, kilekile kinachozaa mkanda wa jeshi. Seli za waliofanya tai chi zilikitambua kirusi hicho kwa nguvu zaidi, na hata kabla ya chanjo uwezo huo ulikuwa umeanza kupanda. Ni matokeo ya kutia moyo. Hata hivyo kilichopimwa ni mwitikio wa seli maabara, si idadi ya waliougua. Na tai chi ina pumzi, utulivu, mwendo na watu wa kufanya nao, kwa hiyo huwezi kusema ni mizani peke yake iliyofanya kazi.

Utafiti wa tatu uliangalia waendesha baiskeli 125 wa miaka 55 hadi 79 waliokuwa wameendesha kwa miaka mingi. Damu yao ilikuwa na seli T zilizotoka karibuni katika thaimasi kwa wingi kuliko ya wenzao wasiofanya mazoezi. Lakini seli zilizochoka hazikupungua. Na kwa kuwa hakuna aliyewagawa kwa nasibu, inawezekana pia kwamba waliozaliwa na miili imara ndio walioweza kuendesha hadi uzeeni.

Ukiunganisha nyuzi hizi, msimamo ulio salama ni huu: mazoezi ya kuhemesha, yakifanywa kwa miezi, yana ushahidi wa kuisaidia kinga kwa kiasi, mazoezi ya mizani hayana ushahidi wa kutosha wa kuisaidia moja kwa moja. Kazi ya mazoezi ya mizani ni kuzuia kuanguka, na hapo ushahidi ni mzito. Mapitio ya mwaka 2019 ya Cochrane, mtandao wa watafiti unaojumlisha majaribio ya tiba, yalikusanya majaribio 108 yenye washiriki zaidi ya 23,000. Mazoezi ya mizani na ya kazi za kila siku yalipunguza kuanguka kwa asilimia 24, na yalipochanganywa na ya nguvu, kwa takriban asilimia 34. Tai chi ilipunguza kwa asilimia 19. Kutembea peke yake hakukuonyesha faida ya uhakika, jambo linalowashangaza wengi, lakini lina sababu: kutembea kwenye njia nyoofu ni kitu ambacho mwili unakijua tayari, hakiulizi swali jipya. Mizani ndiyo inayomfungulia mzee mlango wa kutembea kwa kasi bila hofu, na ile kasi ndiyo inayoigusa kinga.

Kuanza, na kupanda ngazi

Jipime kwanza, mtu akiwa kando yako na kaunta au meza nzito ikiwa mbele. Simama miguu ikiwa imegusana sekunde 10. Kisha weka mguu mmoja nusu hatua mbele, kidole gumba cha nyuma kikigusa katikati ya ubavu wa ule wa mbele. Kisha kisigino cha mbele kiguse vidole vya nyuma, kama anayetembea juu ya kamba. Mwisho, mguu mmoja. Asiyefikisha sekunde 10 katika mkao wa tatu yumo katika hatari kubwa ya kuanguka, na anatakiwa kuanza na mtaalamu wa tiba ya viungo, si peke yake.

Mahali bora ni kona ya chumba: kuta mbili nyuma yako, kiti kizito mbele. Vaa viatu vya soli nyembamba vinavyoshika, au simama peku. Ndara na soksi juu ya sakafu laini zimeangusha wengi katika zoezi lililokusudiwa kuwalinda.

Chagua mkao mmoja juu ya ule unaouweza vizuri, ushikilie sekunde 10, rudia mara tano kila upande, na uongeze taratibu hadi sekunde 30. Kuinuka kwenye kiti: anza mara tano ukijisaidia kwa mikono, uende hadi mara 10 bila mikono. Kuinuka kwa vidole na kisha kwa visigino, mara 10 na kurudia. Kutembea kwa ubavu hatua 10 kwenda na 10 kurudi, kutembea kinyumenyume, kutembea kwa umbo la namba nane. Mpango wa Otago, uliobuniwa New Zealand na kujaribiwa kwa wazee wanaoishi majumbani, unatumia mazoezi ya aina hii kwa dakika kama 30 mara tatu kwa wiki pamoja na kutembea, ukiwa na siku ya kupumzika kati ya siku za nguvu.

Kosa linaloharibu kazi kuliko yote ni kushika kiti kwa nguvu. Mkono ukibeba uzito, vifundo havijifunzi kitu. Gusa kwa kiganja kizima, baadaye kwa vidole viwili, baadaye kimoja, halafu acha mkono ukielea juu ya kiti bila kugusa. Zoezi liko sawa pale mwili unapoyumba na kujirudisha wenyewe. Usipoyumba kabisa, ni rahisi mno. Ukilazimika kudaka kiti kila mara, shuka ngazi moja. Mkao ukizoeleka, usikimbilie kufumba macho. Geuza kwanza kichwa kushoto na kulia, kisha hesabu kwa sauti kutoka 100 ukitoa tatu tatu, kwa sababu watu huanguka wakiwa wanaongea au wanabeba kitu, si wakiwa wamejiandaa. Kufumba macho kuje mwisho, na kusifanywe kabisa na mwenye ganzi ya nyayo bila msimamizi.

Kwa upande wa kiasi, programu zenye matokeo makubwa zaidi zilijaribu mizani kweli na kufikisha saa tatu kwa wiki, karibu dakika 25 kwa siku. Si lazima zifuatane: dakika tano mara tano zinatosha. Faida hufifia ukiacha, kwa hiyo programu ya wiki nane inayokwisha ni mwanzo tu. Pembeni yake kuna pendekezo la Shirika la Afya Duniani la mwaka 2020: dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kila wiki, na mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi.

Anayepata giza machoni akisimama asianze kabla ya kupimwa shinikizo la damu akiwa amelala dakika tano, kisha dakika ya kwanza na ya tatu baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, tatizo huenda liko katika dawa au upungufu wa maji, na mazoezi hayatalitibu. Dawa za usingizi zinastahili kutajwa kwa daktari kwa jina.

Virusi vikija

Mwenye homa, maumivu ya kifua au moyo kwenda mbio akiwa amekaa asifanye mazoezi. Hilo halina maana ya kulala mchana kutwa. Akae wima wakati wa kula, apige vifundo juu na chini mara 20 kila saa akiwa macho, na asimame kando ya kitanda mara kadhaa kwa siku akiwa na mtu wa kumshika. Wiki ya kwanza ya homa ya mafua hatari ya mshtuko wa moyo hupanda mara sita hivi, kwa hiyo kifua kinachobana ni cha hospitali siku hiyo hiyo.

Chakula kinahesabika hapa. Wataalamu wa lishe ya wazee wanapendekeza gramu 1.0 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku kwa mzee mzima, na 1.2 hadi 1.5 akiwa mgonjwa. Mwenye figo dhaifu afuate kipimo cha daktari wake. Mzee wa kilo 60 anayeugua anahitaji basi gramu 72 hadi 90, na kwa kuwa hamu ya kula imepotea, ni bora zigawanywe katika milo midogo mingi.

Homa ikiisha kabisa, asirudi pale alipoachia. Ashuke ngazi mbili: kama alikuwa anasimama kwa mguu mmoja bila kushika, arudi kwenye mkao wa pili, wa nusu hatua, kiganja kikiwa juu ya kiti. Ajipime tena mikao ile minne kila siku ya tatu, na apande ngazi moja tu pale sekunde 10 zinapotimia bila kudaka. Uchovu unaozidi siku inayofuata ni ishara ya kupunguza muda nusu, sio kuacha. Na kama wiki mbili zimepita bado hawezi kuinuka kwenye kiti bila mikono ilhali kabla ya kuugua aliweza, apelekwe kwa mtaalamu wa tiba ya viungo wakati huo huo, kabla hajaanguka.